Mvua Iliyogeuka Jina la Ukoo

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana wa miaka 20 mzaliwa wa Karatu alishika uongozi wa mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola na hakuuachia tena. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, huku John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya wakimkimbiza hadi mwisho bila kumfikia. Siku ile redio za mabara yote zilikuwa zikitamka jina moja la herufi nne: Bayi.

Jina lake kamili ni Filbert Bayi Sanka. Katika mpangilio wa majina matatu tuliouzoea Tanzania, la kwanza huwa la mwenyewe, la pili la baba, la tatu la babu. Kwenye mbao za matokeo za Ulaya na Marekani mtu hutambulishwa kwa jina la nyumba yao, lile alilolibeba babu wa babu yake na atakalolibeba mjukuu wa mjukuu wake. Ulimwengu ulilipokea jina la Bayi kwa desturi hiyo. Huku nyumbani kwake, desturi yenyewe ilikuwa na umri usiopita sana ule wa miti ya kahawa ya Oldeani.

Ndiyo maana historia ya majina ya ukoo katika Karatu na Ngorongoro inanivuta. Ni historia ya miaka mia moja na ushei. Huko ambako majina yamekaa karne nane au tisa, mwenye jina hawezi kukuambia yule wa kwanza aliitwa hivyo kwa nini. Hapa bibi aliyekaa kwenye kigoda mlangoni Rhotia au Endabash anaweza kukuambia, kwa sababu usiku wa mvua jina lilipotolewa alikuwepo.

Tuanze na fomu. Fomu za serikali yetu huwa na kisanduku kilichoandikwa "jina la ukoo", na karibu kila Mtanzania hukijaza kwa jina la babu au la baba. Mwiraqw, mtu wa Karatu na Mbulu, anao ukoo, na ukoo wake una jina. Kwa lugha yake huitwa tlahhay, na ndiyo huulizwa kwanza kijana anapotaka kuoa, maana watu wa tlahhay moja hawaoani. Koo nyingine zinakumbuka kwamba zilianzia kwa Wadatooga au Wamasai waliokuja na kupokewa. Ukoo wa Manda ulitoa qwaslare wakubwa, waganga na waaguzi ambao watu hawakuhamia nchi mpya bila kuwasikiliza. Lakini sijaona fomu iliyojazwa Manda kwenye kisanduku hicho. Upande wa Wamasai ni vivyo hivyo: mtu ana olgilata yake, awe wa Ilmolelian, Ilaiser au Iltaarosero, naye hujaza jina la mzee wa boma lao. Fomu inauliza kitu kimoja, nasi kwa vizazi vinne sasa tunaijibu kingine. Katika mwanya huo kati ya swali na jibu ndimo majina ya ukoo tuliyo nayo leo yalimozaliwa.

Kabla ya fomu, mtu mmoja alikuwa na jina moja lenye sababu. Tuchukue Tluway. Katika Kiiraqw neno hilo maana yake ni mvua, na aliyepewa alizaliwa mvua ikinyesha, au siku mvua iliyochelewa ilipoanguka hatimaye. Bura ni pombe, ile ya nafaka inayopikwa kwa siku kadhaa na kuwakusanya majirani. Mtoto wa jina hilo alikuja mitungi ikiwa imejaa. Loohi ni njia, na Lohay ni jina la kawaida sana katika wilaya nzima. Amsi ni usiku. Na wako akina Safari wengi, neno lililopanda kutoka pwani na misafara na kukaa juu ya uwanda huu kama mwenyeji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa sana jambo hili. Tunao akina Masika, Tabu, Shida na Sikujua. Wasukuma wana Mbula wao, ambaye naye ni mvua.

Jina la namna hii ni habari iliyofupishwa. Ndani yake mna siku, hali ya hewa, aliyekuwepo, wakati mwingine ugomvi uliokuwa haujapoa. Anayeijua habari yote ni mama, aayo, na bibi, aama, aliyempokea mtoto. Kwa hiyo kila Tluway ana mvua yake. Wawili wanaoitwa hivyo katika kijiji kimoja hawana undugu wowote kwa sababu ya jina, kama vile wawili waliozaliwa Jumatatu wasivyo ndugu.

Katika Irqwa Da'aw, zile nyanda za juu za Mbulu karibu na Kainam na Mama Issara ambako Wairaqw wanakuita kwao, jina moja lilitosha. Nyumba zilibanana mlimani, mashamba yakipakana, na kila mtu alijua Tluway yupi anazungumziwa. Nchi ya kaskazini, yaani Karatu ya leo, ilikuwa malisho ya Wamasai. Kisha ikaja miaka ya 1890. Sotoka iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima, ndui na njaa zikafuata. Oscar Baumann, Mwaustria anayehesabiwa kuwa Mzungu wa kwanza kuiona kreta ya Ngorongoro, alifika tarehe 18 Machi 1892 na kukuta Wamasai waliobaki mifupa, wakiomba chochote cha kutia kinywani. Nguvu iliyokuwa imewazuia Wairaqw milimani ilivunjika. Polepole katika utawala wa Wajerumani, kisha kwa wingi chini ya Waingereza, ambao waliona Mbulu imejaa watu na udongo unamomonyoka, familia zilishuka na kusonga kaskazini: Karatu, Mbulumbulu, Rhotia, Oldeani. Vichaka vya mbung'o vilifyekwa, ngano na mahindi vikapandwa.

Nadhani hapo ndipo jina moja lilipoanza kupungua uzito. Mtu aliyefika Karatu kutoka Kainam alikuta jirani aliyetoka upande mwingine wa Mbulu, na jirani hakuwa na habari ya mvua yake. "Tluway wa nani?" Jibu la swali hilo ni jina la baba. Watu waliohama ndio waliohitaji majina mawili, hata kabla karani hajawafuata.

Naye karani aliwafuata. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na kadiri mkono wao ulivyofika bara ndivyo daftari lilivyofika. Waingereza wakaiweka upya sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kodi haiwezi kudaiwa bila jina, na haidaiwi vizuri bila jina la pili, kwa kuwa akina Safari wa tarafa moja wanaweza kuwa 40. Mwenye nyumba aliitwa, akaulizwa, akajibu, na kilichoandikwa kikawa yeye. Hakuna aliyemwambia kwamba neno lile litakaa juu ya watoto wake na wa watoto wake. Alidhani anajibu la siku ile.

Aliyeandika mara nyingi hakuwa Mwiraqw. Alikuwa mtu aliyesomea kwingine, mwenye sikio la Kiswahili, na Kiswahili hakina sauti hizi. Katika tl ya Tluway ncha ya ulimi hukaa nyuma ya meno na pumzi hupasuka pembeni, karibu na magego. Katika sl pumzi hupita pembeni vilevile, taratibu, bila kupasuka. Ipo q inayotoka nyuma kabisa ya kinywa, ipo hh inayobanwa kooni, na x inayokwaruza palepale inapotoka q. Kwa hiyo Tluway unamkuta pia ameandikwa Tluwai na Tlway, na si ajabu watu hao wakawa wa baba mmoja.

Majina mawili maarufu yanaonyesha jambo hili kuliko maelezo yangu yote. Mwaka 1995 Karatu ilimchagua Wilbrod Peter Slaa kuwa mbunge, naye akakaa bungeni hadi 2010, mwaka aliogombea urais. Taifa zima lilijifunza kumwita Dokta Slaa, na karibu taifa zima lilitamka s kisha l, wengine wakitia irabu katikati kurahisisha ulimi: Silaa. Mwiraqw akilitamka, mwanzoni mwa jina husikika sauti moja tu, ile ya pumzi ya pembeni. Herufi mbili zilitumika kwa sababu hakuna herufi moja iliyokuwepo. La pili ni la John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliyeingia uwanjani Mexico City jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968 mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi wa marathoni kumaliza. Ile kh iliyomo katika jina lake ni jaribio la mwandishi fulani kuikamata sauti ambayo vitabu vya Kiiraqw huiandika x. Dunia haikuweza kulitamka vizuri, ila ililikumbuka.

Heshima ya sauti hizi ilikuja kurudishwa na wanaisimu, miongoni mwao mwenye jina lenyewe. Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza iliyotoka 2002 iliandikwa na Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Ninapoiona q ya Profesa Qorro juu ya jalada, imesimama mahali pake bila kugeuzwa k ili kumridhisha yeyote, nafurahi kwa namna ambayo huenda inazidi ukubwa wa jambo.

Daftari la pili lilikuwa la ubatizo. Mapadri Weupe, wamisionari wa Afrika, walifika Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, Walutheri walifuata, Jimbo Katoliki la Mbulu likatangazwa 1953. Ubatizo uliongeza jina la mbele, na mapadri walileta watakatifu wa kwao. Wilbrod ni Willibrord, mtume wa Waholanzi aliyefariki mwaka 739. Filbert ni Philibert, abate wa Kifaransa wa karne ya 7. Kwa ajili yao jina la mvua au la njia, ambalo lilikuwa la kwanza na la pekee, lilisogezwa nyuma hatua moja. Mtoto aliyepelekwa shule na jina la Kikristo aliulizwa na mwalimu jina la baba, na akiwa amebatizwa mkubwa, jina lake la kuzaliwa wakati mwingine liliachwa nje kabisa. Nyumbani aliendelea kuitwa kwa lile la aama. Shuleni alikuwa mtu mwingine.

Hebu tuone linavyofanya kazi. Mzee anaitwa Bura. Anamzaa Tluway usiku wa mvua. Tluway anapata mtoto, anabatizwa Paulo; shuleni anaandikwa Paulo Tluway Bura. Paulo naye anapata mtoto, Maria. Akifuata mpangilio wa zamani, Maria ni Maria Paulo Tluway, na mzee Bura ameondoka kwenye karatasi, kama ilivyopaswa, kwa sababu majina yale hayakukusudiwa kubaki milele. Kila kizazi kilisogea na kumpisha kijacho. Lakini Paulo akiwa amesoma, ameajiriwa, vyeti vyake vyote vimeishia Bura, huenda akaamua kwamba Bura ndilo la ukoo. Maria anakuwa Maria Paulo Bura. Sasa Bura amebaki, na mvua imefutwa.

Ndugu zake Paulo ambao hawakusoma hawakuwa na sababu ya kuamua hivyo. Watoto wao wanaishia Tluway, au kwa jina lingine lolote lililokuwa la tatu siku ya kuandikishwa. Ndiyo maana Karatu unaweza kuwakuta watoto wa ndugu wa mama mmoja na baba mmoja wenye majina matatu tofauti ya mwisho, na hakuna aliyedanganya. Jina lililoganda linatuambia karatasi ilimfikia nani wa kwanza katika familia, na mwaka gani. Kwa mtu anayetaka kuandika historia ya elimu wilayani, nisingemshauri aanzie kwingine.

Linatuambia pia nani hakuandikwa. Mstari ni wa baba, babu, na baba wa babu. Aliyekuwa na uchungu mvua ikipiga paa la nyasi hayumo. Aama aliyekata kitovu na kulitoa jina hayumo. Sina njia ya kulisema hili kwa upole: ile habari ni ya wanawake, na wanaume ndio walioachiwa kuibeba.

Ukitoka Karatu mjini ukapanda hadi geti la Loduare, unaingia nchi ya jina la namna nyingine. Kimaasai kina neno dogo, ole, lenye maana ya "wa", kwa mwanamume: Tepilit ole Saitoti ni Tepilit wa Saitoti. Mzaliwa huyu wa Ngorongoro alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1986 na kulipeleka neno hilo hadi kwenye maduka ya vitabu ya New York. Kabla yake alikuwepo Solomon ole Saibull, aliyeongoza Hifadhi ya Ngorongoro miaka ya 1960, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi ile, na baadaye akawa waziri. Si wote waliolibeba. Edward Moringe Sokoine, Mmasai wa Monduli, alikuwa waziri mkuu bila ole yoyote.

Neno ole lilikuwa kiungo, na viungo huachwa wazi pande zote mbili ili jina liweze kubadilika. Kalamu ya ofisini ilikiunganisha. Mbunge wa Ngorongoro aliyefariki Septemba 2021, William ole Nasha, katika kumbukumbu za Bunge ni William Tate Olenasha, neno moja, herufi kubwa moja. Kinachosemwa hapo ni kwamba "mtoto wa Nasha" kimekuwa jina la watoto, na mtoto wa huyo naye ataitwa "mtoto wa Nasha" hata kama Nasha ni babu yake au baba wa babu. Kwa binti jambo ni zito zaidi. Ole ni ya kiume. Mwanamke ni ene. Binti anayeandikwa Olenasha au Olesaitoti ameambiwa na karatasi, kwa lugha ya mama yake, kwamba ni mwana wa kiume. Wengi wamelizoea. Wapo wanaoliacha ole na kubaki na jina tupu, na masikioni mwangu hao ndio wanaosema Kimaasai sahihi.

Kuna jambo la ndani zaidi. Wamasai wa zamani hawakuwataja ovyo waliokufa. Alfred Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905, aliandika kwamba jina la mtoto, la mwanamke au la moran aliyekufa lilizikwa naye, na kama kulikuwa na neno la kawaida lililofanana nalo, watu wa boma walitafuta neno lingine. Lakini mzee aliyeacha watoto hakuzikwa na jina lake, kwa kuwa uzao wake uliendelea kuitwa kwalo. Hapo, nionavyo, palikuwa na mlango ambao jina la ukoo liliweza kupitia bila kuvunja kitu. Aliyezaa alibaki kutajwa. Kwa moran aliyefia vitani au kwa simba, ukimya ndio uliokuwa kaburi lake, na hakuna daftari lililomhitaji.

Madaftari yalipokuja Ngorongoro yalikuja pamoja na kuhamishwa. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai waliweka saini na alama za vidole kwenye makubaliano ya kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikazaliwa, wakiahidiwa kuishi humo. Mwaka 1974 waliokuwa na maboma ndani ya kreta walitolewa. Ndiyo miaka ya Operesheni Imparnati, ujamaa wa Kimasai, ambapo maboma yaliyozoea kusogea yalipewa vijiji vya kudumu, na kila kaya ikapewa mkuu mwenye jina lililoandikwa. Boma lililozoea kuitwa kwa jina la mzee aliye hai, likibadilika alipofariki, likafungwa kwa jina la aliyekuwa hai mwaka ule.

Sasa niwafikie Wadatooga, ambao baadhi yao leo wako kuzunguka Ziwa Eyasi, na ambao watu huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai likiwa na maana ya adui. Walikuwa na Ngorongoro kabla ya Wamasai. Majina ya vijiji vingi vya Karatu yanayoanza na Enda- yana asili ya lugha yao, na ndani ya kreta kuna kaburi la mzee wao mkubwa chini ya mti, ambalo wazao wao wamelikumbuka vizazi vingi baada ya kufukuzwa. Majina ya watu wao hutambulika mara moja: la mwanamume huanza na Gida-, la mwanamke na Uda-. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alilipeleka Gida- hilo hadi Edmonton, Kanada.

Mwanamke wa Kidatooga akishaolewa hamtaji baba mkwe wake. Halitamki jina lake, na wala hatamki maneno ya kila siku yanayofanana nalo. Kama jina la mkwe linakaribiana na neno la maji au la ng'ombe, atatumia neno lingine walilorithishana wanawake kwa kazi hiyohiyo. Mwanaisimu Alice Mitchell ameandika kwa kina juu ya desturi hii na juu ya ustadi wa lugha inaoudai. Wanawake hawa wana msamiati wa pili kichwani, na wanauendesha bila kusita katika maongezi ya kawaida. Ni heshima iliyowekwa ndani ya kinywa chenyewe.

Mfikirie basi mwanamke huyo mbele ya dirisha la ofisi, mtoto mgongoni, amekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa. Anaulizwa jina la mtoto, anajibu. Jina la baba wa mtoto, anajibu kwa taabu. Jina la ukoo? Jina la ukoo la mume wake ni jina la baba mkwe. Ni neno lilelile ambalo tangu siku ya arusi yake hajalitoa mdomoni, hata usiku, hata peke yake. Karani anamwona amenyamaza na kudhani hajui. Wakati mwingine mtoto mkubwa aliyeongozana naye husema, au jirani kwenye foleni. Kama hakuna, kisanduku hubaki wazi, au hujazwa kitu cha kukaribia. Natamani kila karani wa wilaya ile afundishwe siku ya kwanza kazini kwamba ukimya ule ni jibu, na kwamba kinachotakiwa ni kumwita mtu mwingine atamke.

Wageni nao waliacha majina yao. Kwenye sakafu ya kreta, karibu na mto Munge, yapo mabaki ya nyumba ya Adolf Siedentopf, Mjerumani aliyefuga na kulima humo na ndugu yake Friedrich Wilhelm hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa. Jina lao linaundwa na maneno mawili ya Kijerumani, kuchemsha na chungu. Ni aina ya majina ambayo Ulaya ya kale iliwabandika watu kwa kazi au tabia zao: huyu ni mchemsha chungu. Kuna mpishi fulani mwanzoni mwake, aliyeitwa hivyo na majirani, kisha karani wa zama zile akaandika, na likaganda. Halitofautiani hata kidogo na la Bura. Pale Karatu, shamba la kahawa lililoanzishwa na Wajerumani mwaka 1929 lilichukuliwa kama mali ya adui katika vita vya pili, likauzwa, na James Gibb akalinunua. Mpaka leo linaitwa Gibb's Farm, na vijana wa Karatu wanaofanya kazi hapo hulitaja jina la familia ile kila siku kama jina la mahali tu.

Kilichokaza haya yote kuliko kodi na ubatizo ni kitambulisho cha taifa. Mamlaka ya NIDA iliundwa 2008, lakini shinikizo lenyewe lilikuja 2019, laini za simu zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, zisizosajiliwa zikianza kuzimwa Januari 2020. Ghafla mzee wa Mang'ola mwenye simu ya tochi alitakiwa awe na majina matatu yasiyobadilika, yanayolingana na ya cheti cha ubatizo, cha shule na kadi ya kliniki. Hayakulingana. Yangelinganaje? Tluwai wa kanisani, Tluway wa shule na Tlway wa kadi walikuwa mtu mmoja mpaka mashine ilipowafanya watatu. Watu walilipa nauli, wakalipia viapo kwa mawakili, wakarudi tena wiki iliyofuata kwa sababu ya herufi moja. Mwanafunzi aliyefaulu amekwama kupata mkopo wa chuo kwa ajili ya hh iliyoandikwa h.

Tangu 2022 majina ya Ngorongoro yameanza kusafiri mbali zaidi. Familia zilizohama kwenda Msomera, wilayani Handeni, zimepewa nyumba na hati, na hati huandikwa jina la mkuu wa kaya. Huko Tanga, katika nchi ya Wazigua, mtu anayeitwa ole fulani analeta jina la mzee aliyezikwa mamia ya kilomita kutoka hapo, Nainokanoka au Endulen, na watoto watakaozaliwa Msomera watalijua jina hilo kabla ya kuijua nyasi aliyochungia.

Karatu, watoto wanazaliwa hospitalini sasa, na majina yanatoka kwenye simu na kwenye mahubiri: Brighton, Glory, Precious, Ivan. Akina aama bado huulizwa, na bado hutoa jina lao la pembeni, la nyumbani. Usiku wa masika, mvua ikipiga bati la wodi, nesi hujaza kadi ya kliniki ya mtoto: Glory, kisha jina la baba, kisha Tluway. Mvua imekaa nafasi ya tatu, kama jina la mtu aliyekufa kabla nesi hajazaliwa, na nje inaendelea kunyesha.